Mshika Kumi

Mshika mawili, walisema, moja humponyoka.
Wakanyamaza hapo. Hawakusema kitu
juu ya mshika kumi.

Mimi ndiye mwenye reki. Hilkka, mstaafu wa posta,
miaka thelathini na mmoja kupanga barua za Tampere,
na sasa, kila mashindano, mchanga.
Wao wanaruka, mimi nafuta.

Siku ya kwanza alitua mbele yangu Mwestonia,
Taavet, mwana wa fundi matofali wa Võru,
mita saba na sentimita kumi na nane.
Unyayo wake ulikuwa na kisigino kizito,
cha mtu aliyebebeshwa mizigo utotoni.
Niliufuta polepole, kama ninavyotandika kitanda cha mgeni.

Tufe lilimtii. Kuruka juu kulimnyima kidogo.
Saa tatu usiku, jua la Julai bado limekaa juu ya mapaa
kama jirani asiyejua kuaga,
wakakimbizwa mita mia nne.
Akatapika kando ya uzio, amejiinamia kwa adabu,
na kocha wake, Eevi, bibi mfupi mwenye kofia ya kufumwa,
akampa maji ya matango ya chumvi
ndani ya chupa ya maziwa.
Ubaoni: wa tatu.

Kisha siku ya pili, na upondo.

Mita nne na nusu. Urefu anaouvuka
hata akiwa na mafua.
Mara ya kwanza alikimbia, akapita chini bila kuruka,
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.
Mara ya pili, goti.
Mara ya tatu alivuka. Naapa alivuka.
Alikuwa tayari godoroni, chali, anautazama ufito,
ufito nao unamtazama,
ukatetemeka, ukafikiri,
ukaja.

Sifuri.
Mchezo huu hauna pole, una hesabu.
Asubuhi alikuwa wa tatu; sasa nilimtafuta ubaoni kwa kidole,
nikishuka, nikishuka, hadi karibu na tangazo la kahawa.

Wengine hapo huumwa ghafla.
Paja hukumbuka jeraha la mwaka juzi,
daktari huitwa, begi hufungwa, na hakuna anayeuliza.
Eevi alishaanza kuurudisha upondo katika mfuko wake mrefu.
Taavet alikaa chini ya taulo robo saa nzima.
Akafunua uso.
"Mkuki saa ngapi?"

Mkuki haukufanya muujiza. Ulikwenda, ukachoka, ukalala.

Usiku, mita elfu moja na mia tano,
mbio ambazo hakuna kati yao anayezipenda:
miili ya kurusha vyuma inalazimishwa kuwa swala.
Gatis, Mlatvia, alihitaji sekunde nne
ambazo hajawahi kuwa nazo
ili aipate shaba.
Taavet hakuhitaji kitu. Akaenda mbele yake,
akamkatia upepo,
mzunguko, mzunguko, mzunguko na robo tatu,
akigeuza shingo kila kona: upo? upo?
Yupo.

Walikosa shaba kwa pointi sita.
Nasema walikosa; ubao uliandika mmoja.

Wakaanguka wote baada ya mstari
kama nguo zilizokatikiwa na kamba,
bingwa wa Kijerumani juu ya miguu ya Mjapani,
mbavu zikipanda, zikishuka.
Kisha wakainuana. Wakashikana mikono, ishirini na mmoja,
wakainama mbele ya majukwaa,
na kutoka shimoni kwangu sikuweza kujua
nani ana sifuri.
Methali ilihesabu lililoponyoka.
Mikono hii haikuihesabu.

Nyumbani Onni aliuliza nani kashinda.
Nikalitaja jina la Mjerumani, nikalikosea.
Nikavua kiatu, nikakikung'uta juu ya beseni:
mchanga, kijiko kizima,
wa nani, sijui.